Banda Lililong'aa Mno

Ukitaka kujua kama Mama Sabuni ameamka, usimsikilize jogoo. Nusa tu. Harufu ya sabuni itapita chini ya mlango na kukufikia kitandani. Halafu utasikia brashi: kwaru, kwaru, kwaru. Hapo jua bado halijatoka.

Jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake, naye akalipenda. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na sebule ndogo. Sakafu iling'aa hata inzi akitua, anateleza. Kila siku aliinua kila kitu, akapiga deki, kisha akakirudisha. Mara nyingine alikirudisha mahali pengine, kwa sababu hapo pengine palipendeza zaidi.

Mume wake alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa uani. Kabla ya kuingia ndani, ilimbidi akung'ute maranda kwenye nguo, kwenye nywele, na hata masikioni.

"Mke wangu," alisema asubuhi hiyo, "siku nikifa utaniosha mpaka nife mara ya pili."

"Kung'uta na soksi," mke wake alimjibu.

Katika nyumba hiyo alikuwamo pia mama yake seremala. Wote walimwita Bibi. Macho yake yalikuwa yamekwisha nguvu. Aliona mwanga na vivuli tu. Ndiyo maana mwanawe alimleta akae nao. Bibi alikuja na fimbo yake, kigoda chake na ulimi wake, na katika hivyo vitatu, ulimi ndio uliokuwa mzima kabisa.

"Kigoda changu kiko wapi?" Bibi aliuliza, akipapasa hewani.

"Nimekisogeza dirishani, mama," alisema Mama Sabuni. "Hapo kuna hewa nzuri."

"Hewa ninayo. Kigoda ndicho sina."

Mama Sabuni alicheka. Alimshika mkono, akamkalisha dirishani, akambusu shavuni. Alimpenda sana mama mkwe wake. Kisha akabeba mfuko wake, akaenda kazini.

Mama Sabuni alifanya kazi kwenye bustani ya wanyama. Kwa miaka mingi aliwatunza kobe. Kobe walioshwa, na banda lao likaoshwa, na hawakulalamika. Kobe si watu wa maneno. Kisha bustani nyingine ilifungwa, na mnyama mmoja akahamishiwa kwao. Meneja akasema mnyama huyo atunzwe na Mama Sabuni.

Alikuwa mondo jike. Mondo ni paka wa porini. Ana miguu mirefu, shingo ndefu na madoadoa meusi. Mkia wake ni mfupi. Masikio yake ni makubwa kuliko haja, mtu anaweza kudhani kaazima. Kwa masikio hayo husikia panya akitembea ndani ya nyasi. Wafanyakazi walimwita Bi Masikio.

Bi Masikio hakuwa na raha. Tangu alipofika, alitembea kando ya waya. Alikwenda mpaka pembeni, akageuka, akarudi, akageuka tena. Njia ilikuwa ileile. Ardhi hapo ilikuwa imechimbika. Chakula alikila kidogo na kukiacha. Baadaye alianza jambo baya zaidi. Alianza kuuma mkia wake mwenyewe.

Daktari wa wanyama alimtazama, akatikisa kichwa.

"Dawa ya kidonda nimempa," alisema. "Lakini akiendelea kujiuma, kidonda kitapanda. Kikifika mgongoni, hatutaweza kumwokoa."

Mama Sabuni alikaza kilemba chake.

"Hafi mikononi mwangu," alisema.

Sasa, msomaji, wewe ungefanya nini? Mama Sabuni alifanya lile alilolijua. Alijua kwamba kidonda hakitaki uchafu. Basi aliongeza usafi. Kila asubuhi alimfungia Bi Masikio kwenye chumba cha nyuma. Kisha alivuta mpira wa maji, akamwaga dawa kali ya kuua vijidudu, akasugua. Alisugua sakafu. Alisugua kuta. Alisugua gogo, akasugua na rafu ya kulalia. Kazi ilipokwisha, banda lilinukia kama wodi ya hospitali. Kisha alimfungulia mnyama wake.

"Haya, Bi Masikio. Nyumba mpya hiyo."

Bi Masikio alinusa gogo, akapiga chafya, akaanza kutembea kando ya waya.

* * *

Meneja aliita mtafiti. Alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa, kofia pana na kiti cha kukunja. Kazi yake ilikuwa kuchunguza tabia za wanyama wanaofugwa, ili kujua kama wanaishi vizuri.

"Kwa hiyo kazi yako ni kukaa na kutazama?" Mama Sabuni alimuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mpaka umesomea?"

"Miaka mingi, mama."

"Basi majirani zangu wote ni maprofesa."

Mtafiti alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kuanzia hapo wakaelewana.

Jambo la kwanza, mtafiti hakukaa mbele ya banda. Alikwenda mbali, ndani ya kibanda cha vifaa. Kulikuwa na dirisha dogo lililoelekea banda la mondo.

"Mbona huku?" Mama Sabuni aliuliza.

"Wewe mgeni akija kwako, unakaa vilevile unavyokaa ukiwa peke yako?"

"Thubutu! Navaa vizuri. Natabasamu."

"Na mnyama ni hivyohivyo. Akituona, anabadilika. Akikuona wewe anafikiria chakula. Mimi nataka kujua anavyoishi, si anavyopokea wageni. Tazama sasa. Unaona nini?"

"Namwona ana hasira."

"Hasira umeionaje?"

"Si hivyo anavyotembea!"

"Basi sema anatembea. Hicho ndicho ulichokiona. Hasira umeiongeza wewe. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Pengine anaogopa. Pengine anatafuta kitu. Tukianza na dhana, tutaona dhana zetu tu. Tuanze na macho."

Mama Sabuni alitazama tena.

"Anatembea," alisema. "Amefika pembeni. Ameinamisha kichwa. Amenusa ukuta. Amegeuka." Alisogea karibu na dirisha. "Ee! Kila akifika pale ananusa ukuta. Sijawahi kuona."

"Sasa umeanza kazi yangu," alisema mtafiti.

Mama Sabuni hakuwa mtu wa kuandika sana. Alisema herufi ndogo zinamtekenya macho. Basi mtafiti alichukua chaki, akachora banda lote kwenye sakafu ya kibanda cha vifaa: hapa mlango, hapa gogo, hapa rafu, hapa waya. Kesho yake Mama Sabuni alikuja na mfuko wa nafaka kutoka nyumbani. Simu ya mtafiti ilipolia kengele, walitazama mara moja tu: Bi Masikio yuko wapi, na anafanya nini? Kama ametulia, waliweka haragwe mahali pale kwenye mchoro. Kama anatembea huku na huku kwenye njia ileile, waliweka punje ya mahindi. Kama anauma mkia, waliweka mbegu ya boga. Kisha walingoja kengele ilie tena.

"Kwa nini tusitazame tu bila kengele?" Mama Sabuni aliuliza.

"Kwa sababu bila kengele tutatazama pale penye vituko tu. Akilala tutapiga soga. Mwisho tutasema halali kabisa. Kengele haina upendeleo."

Nyumbani, seremala alifungua kopo la maharage, akalikuta limepungua.

"Mke wangu, siku hizi mondo anakula maharage?"

"Hali. Anachunguzwa nayo."

"Na sisi tutachunguzwa na nini jioni?"

* * *

Sakafu ya kibanda ilijaa mahindi. Yalijipanga kando ya waya kwa mstari mrefu. Mbegu za boga zilikuwa pembeni. Maharage yalikuwa machache sana.

"Nadhani ni kelele za wageni," mtafiti alisema. "Masikio yale yanasikia kila kitu. Tufunike upande wa wageni kwa turubai."

Walifunika. Bi Masikio aliendelea kutembea. Mtafiti alivua miwani, akaifuta.

"Nimekosea," alisema. "Si kelele. Au si kelele peke yake."

Mama Sabuni alishangaa. Hakuwahi kumsikia mtu aliyesoma akisema neno hilo kwa wepesi hivyo.

Wakajaribu jambo la pili. Badala ya kuweka nyama kwenye sahani, waliificha vipande vipande ndani ya nyasi kavu, ili Bi Masikio aitafute, kama anavyotafuta panya porini. Hilo lilisaidia. Alasiri maharage yaliongezeka. Lakini asubuhi mahindi yalirudi palepale, na mbegu za boga pia. Kidonda kilizidi kupanda. Daktari alipokuja alikitazama, kisha akasema atarudi, na safari hiyo itabidi waamue. Mama Sabuni na mtafiti walijua wataamua nini: kumlaza mondo asiamke tena.

Mama Sabuni hakulala vizuri. Alimwambia mume wake waziwazi kwamba anaogopa. Alikuwa amekwisha kumpenda yule mnyama mwenye masikio ya kuazima.

"Utafanyaje?" mume wake aliuliza.

"Nitatazama tena. Kitu kipo. Mpaka nikione."

Ndipo pampu ya maji ilipoharibika.

Bustani nzima haikuwa na maji ila ya kunywa. Mama Sabuni alizunguka na ndoo tupu kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Fundi alisema vipuri havijafika. Basi asubuhi hiyo alizoa kinyesi kwa koleo, akaondoa mabaki ya nyama, akaishia hapo. Aliona aibu. Alitamani banda lifunikwe lote kwa turubai, mtu asilione.

Siku iliyofuata hali ilikuwa vilevile. Bi Masikio alifunguliwa. Alikwenda kwenye gogo, akalinusa. Alilinusa kwa muda mrefu. Kisha akalisugua kwa shavu lake, upande huu na upande ule. Akaenda kwenye rafu, akaisugua pia. Halafu akageuza mgongo, akainua mkia wake mfupi, akarusha mkojo kwenye kona ya ukuta.

"Astaghafiru! Ukutani kwangu!" alisema Mama Sabuni.

"Shh," mtafiti alisema.

Bi Masikio alipanda kwenye rafu, akazunguka, akalala. Kengele ililia. Mama Sabuni aliweka haragwe kwenye rafu. Ikalia tena. Haragwe. Tena haragwe. Siku nzima hawakuweka hata mbegu moja ya boga.

"Amepona!" Mama Sabuni alipiga makofi kimyakimya. "Ile nyama ya kutafuta imemponya!"

Mtafiti alihesabu maharage tena.

Pampu ilitengenezwa. Mama Sabuni alifurahi mara mbili, kwa ajili ya mondo na kwa ajili ya maji. Alfajiri alimwaga dawa, akasugua banda zima, akalipa deni lote la brashi. Kisha akamfungulia Bi Masikio, akakimbilia kwenye dirisha dogo.

Bi Masikio alinusa gogo. Akanusa rafu. Akanusa kona. Akaenda kwenye waya, akaanza kutembea. Kengele ililia: mahindi. Ikalia: mahindi. Ikalia: mbegu ya boga.

Mama Sabuni alishika ile mbegu mkononi. Hakuiweka chini. Alitazama mchoro, akatazama banda linalong'aa, akatazama mikono yake.

"Ni mimi," alisema.

"Ni dawa, mama," mtafiti alisema taratibu.

"Dawa haijimwagi yenyewe."

Mtafiti aligeukia mchoro, akasema:

"Sisi tunajua kwetu kwa macho. Mondo anajua kwake kwa pua pia. Ule mkojo, ule msuguo wa shavu, ndiyo alama zake. Kwa alama hizo anajua hapa ni kwangu, hapa nililala jana, hapa ni salama. Kila siku anaziweka, na kila asubuhi unazifuta. Kwa hiyo kila asubuhi anafunguliwa kwenye nyumba asiyoijua. Hana pa kutulia. Tuliponyimwa maji, alama zake zilibaki."

Uso wa Mama Sabuni uliiva.

"Kwa hiyo nimlaze kwenye mikojo? Mimi? Watu wote hapa wananijua! Usafi ni afya, hukufundishwa huko shuleni?"

"Nimefundishwa, mama. Sijasema alale kwenye uchafu."

Mama Sabuni hakungoja maelezo. Alichukua mfuko wake, akaondoka. Njiani alikuwa akizungumza peke yake. Alijua anachokijua. Lakini ile mbegu ya boga ilikuwa bado mkononi mwake.

* * *

Alipofungua mlango wa nyumbani, alimkuta Bibi amesimama katikati ya sebule.

Mkono mmoja ulishika fimbo. Mwingine ulinyooka mbele, ukitafuta kitu.

"Mama! Umesimama tangu saa ngapi?"

"Sijui. Nilikwenda kunywa maji, mtungi sikuukuta. Nikarudi kwenye kigoda, kigoda sikukikuta. Nikatafuta ukuta, nikagonga kabati. Jana kabati halikuwa pale. Nikasema nisimame, atakuja mtu."

"Lakini mama, si ungeita?"

"Nimemwita mwanangu. Anapiga randa, hasikii." Bibi alijaribu kucheka, lakini machozi yalimtoka. "Watu wengine hupotea mjini. Mimi nimepotea sebuleni."

Mama Sabuni alimshika, akamkalisha. Bibi alifuta macho kwa pembe ya nguo.

"Mkwe wangu, nyumba yako ni safi. Sijapata kuona nyumba safi kama hii, na sasa sioni kabisa. Lakini mimi naona kwa mikono. Jana niliiweka nyumba kichwani, kigoda hapa, mtungi pale. Leo ukiviondoa, umenihamisha. Kila siku nahama, na sijatoka nje."

Mama Sabuni alikaa sakafuni, kwenye sakafu yake inayong'aa. Alifumbua kiganja, akaitazama mbegu ya boga. Kisha akalia. Alilia kwa sababu ya Bibi, na kwa sababu ya yule mnyama kando ya waya. Wote wawili aliwapenda, na wote wawili aliwahamisha kila asubuhi kwa mikono yake safi.

Hakulia muda mrefu. Hakuwa mtu wa hivyo. Aliinuka, akajipangusa pua.

"Mama, niambie. Kigoda kikae wapi?"

"Hapo karibu na mlango wa chumba."

"Na mtungi?"

"Mkono wa kulia wa kigoda."

"Na kabati?"

"Kabati liende lilikotoka."

Seremala alipoingia, alimkuta mke wake anasukuma kabati.

"Kung'uta maranda," mke wake alimwambia, "halafu njoo usukume. Likikaa, haliondoki tena. Na kesho nataka unitengenezee rafu mbili za mbao, na sanduku lenye mlango mdogo. La mondo."

"Kwa malipo gani?"

"Maharage."

* * *

Asubuhi Mama Sabuni alimkuta mtafiti kwenye kibanda.

"Mwanangu, jana nilikukatiza. Malizia. Nifanyeje, asiugue na asipotee?"

Mtafiti alimpigia daktari simu, wakapanga pamoja. Kinyesi na mabaki ya chakula vitazolewa kila siku bila kukosa, maana hivyo huleta inzi na magonjwa. Chombo cha maji ya kunywa kitaoshwa kila siku. Sakafu itaoshwa nusu nusu: leo upande wa mlango, safari nyingine upande wa gogo, ili mondo siku zote awe na upande unaonukia kwake. Gogo na rafu hazitasuguliwa. Zikichafuka sana, moja itasafishwa, nyingine iachwe. Dawa kali itatumika tu daktari akisema kuna ugonjwa.

"Na mimi naongeza," alisema Mama Sabuni. "Nimemtazama. Anapotembea kando ya waya hana mahali pa kujificha. Nitapanda nyasi ndefu pale pembeni. Na brashi nikiipiga ukutani, masikio yanalala nyuma. Nitatumia fagio laini."

"Hilo la brashi sikuliona," alisema mtafiti.

Seremala alileta rafu na sanduku. Aliziweka juu, kwa sababu mondo hupenda kuruka na kutazama mbali. Mama Sabuni alipanda nyasi. Kisha ikaja sehemu ngumu, nayo ilikuwa kutofanya kitu.

Kila asubuhi alilitazama lile gogo lenye alama za mafuta ya shavu. Vidole vilimwasha. Alishika brashi, akaiweka. Siku moja alikimbia kabisa kutoka bandani, akaenda kuosha ndoo ambayo ilikuwa safi. Jioni alisugua sufuria zote za nyumbani, na majirani wakauliza kama kuna harusi.

Bi Masikio naye hakubadilika mara moja. Mara alilala, mara alitembea. Mbegu za boga zilipungua, lakini zilikuwapo.

"Mbona bado anauma?" Mama Sabuni aliuliza.

"Amezoea. Tabia iliyojengeka kwa shida haibomoki kwa siku moja. Jambo la muhimu ni tusibadilishe tena."

Kisha Meneja akapita. Alisimama mbele ya banda, akakunja pua.

"Mama Sabuni, unaumwa?"

"Siumwi, bosi."

"Basi mbona pananuka? Wageni wamelalamika. Wewe ulikuwa mfano wa bustani hii! Chukua mpira, osha hapa."

"Sioshi."

Meneja alidhani hakusikia vizuri.

"Unasemaje?"

"Nimezoa kinyesi. Nimeosha chombo cha maji. Upande wa mlango nimeuosha. Upande ule siuoshi leo."

"Mama, mimi ndiye meneja hapa."

"Najua, bosi. Njoo nikuonyeshe mahindi."

Alimwongoza mpaka kibandani. Sasa sakafu ilikuwa na michoro miwili. Mama Sabuni alichutama.

"Huu ni wa zamani, nilipokuwa naosha lote. Tazama mstari huu wa mahindi. Ndiyo njia yake, kwenda na kurudi. Hizi mbegu za boga ni meno yake kwenye mkia wake. Huu ni wa wiki hii. Tazama maharage kwenye rafu. Tazama kwenye nyasi. Mbegu za boga zihesabu mwenyewe."

Meneja alichutama pia. Alitazama mchoro mmoja, akatazama mwingine.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema Mama Sabuni. "Mimi sikulala humo, bosi. Nililiona safi, kumbe yeye aliliona geni. Nipe nafasi mpaka daktari arudi. Kidonda kikiwa kimepanda, nitaosha mwenyewe, na unirudishe kwa kobe."

Meneja alikuna kichwa. Alikuwa mtu mkali, lakini hakuwa mtu wa kukataa kinachoonekana.

"Mpaka daktari arudi," alisema. "Na hao wageni niwaambie nini?"

"Niite mimi niwaambie."

* * *

Daktari alirudi na mfuko wake. Mama Sabuni alisimama kando, mikono imeshika kilemba. Bi Masikio alipewa dawa ya usingizi kidogo, akalazwa. Daktari aliinua mkia. Aliugeuza huku na huku. Aliupapasa kuanzia ncha mpaka mgongoni.

"Umemfanya nini?" aliuliza.

"Kwani vipi?" Mama Sabuni alisogea.

"Kidonda kimefunga. Tazama. Manyoya yanaota."

Mama Sabuni alitazama. Kweli, juu ya kovu kulikuwa na manyoya mafupi, laini, ya rangi ya mchanga. Aliyagusa kwa kidole kimoja. Kisha akamkumbatia daktari, akamkumbatia mtafiti, na akamkumbatia Meneja, ambaye hakuwa amejiandaa.

Mtafiti alifunga kiti chake, akaenda kuchunguza wanyama wa bustani nyingine. Kengele aliiweka kwenye simu ya Mama Sabuni. Sasa mara kwa mara wafanyakazi wote wa bustani hujificha mbali kidogo na mabanda yao, kila mtu akimtazama mnyama wake. Wa kobe naye ametazama, na amegundua mambo. Hata kobe, kumbe, wana maneno yao.

Nyumbani, sakafu bado inang'aa. Lakini kigoda kiko mlangoni, mtungi uko mkono wa kulia, na kabati halijasogea. Bibi huamka mwenyewe, hunywa maji mwenyewe, na huenda mpaka karakana kumsumbua mwanawe bila kushikwa mkono.

Jumapili moja Bibi alitaka kwenda kumjua huyo aliyekula maharage yao. Seremala alimleta. Walisimama mbele ya banda pamoja na wageni wengine. Bi Masikio alikuwa juu ya rafu, amelala chali, miguu hewani, masikio yamelegea.

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye miwani ya jua, aliziba pua kwa leso.

"Jamani, mbona hapa pananuka hivi? Hakuna anayeshughulika?"

Meneja, aliyekuwa akipita, alimtazama Mama Sabuni. Mama Sabuni alifungua mdomo ajibu. Lakini Bibi alikuwa amekwisha kuinua uso, akanusa taratibu, huku mkono wake umeshika waya.

"Panapaswa kunuka, mwanangu," Bibi alimwambia yule mgeni. "Hapa pana mwenyewe."